Kidole Gumba cha Vitalis

Kwa Chengula, nyuma ya duka la misumari,
mechi moja shilingi mia mbili.
Ukipigwa unaachia pedi, unarudi mwisho wa benchi,
unapuliza mikono.
Julai ya Mafinga haina huruma na vidole.

Hadithi ilikuwa marufuku.
Iliandikwa kwa chaki juu ya runinga:
HADITHI HAKUNA. WAWILI WAWILI TU.
Maana kwenye hadithi watu husimama kwenye mvua
wakiongea Kiingereza,
na maongezi hayamlipi Chengula.

Kwa hiyo tuliwajua wote kwa ngumi.
Yule wa minyororo tulimwita Konda.
Yule mama wa barafu, Bi Afya.
Walichinjana mbele yetu kila siku ya Mungu
na hakuna aliyeuliza walikosana lini.

Vitalis alikuwa hapigiki.
Gumba lake la kushoto juu ya ule msalaba mdogo wa pedi,
robo duara, robo duara, mbele, pigo,
lilitembea kama panya darini:
unasikia tu, huoni.

Halafu Septemba, msumeno wa dingdong.
Zamu ilikuwa yangu.
Nilikuwa na homa.
Nilisema nina homa.

Alirudi na bandeji, akashika pedi, akaiweka,
akaishika tena.
Konda akaruka, akaanguka, akaruka,
kama kuku aliyefungwa mguu.
Benchi zima likatazama viatu.

Otmari, fundi pikipiki, ndiye aliyelitengeneza sanduku:
mbao ya msindano, bado inatoa utomvu;
usukani wake kirungu cha gia ya Fuso iliyofia Nyololo;
vitufe ni swichi za kengele za mlango, sita,
nyaya zimechomelewa kwenye pedi iliyopasuliwa tumbo.
Hilo halitaki gumba.
Linataka kiganja, kiwiko, bega,
linataka mtu mzima mzima.
Chengula alilitazama muda mrefu.
Akafuta chaki kwa mkono wa koti.
"Jumapili, baada ya misa. Hadithi. Luku ni yenu."

Tukachanga elfu tano.

Vitalis alitafsiri. Shule aliishia kidato cha pili,
kwa hiyo najua mengine aliyatunga:
eti Konda na Bi Afya ni mtu na shemeji yake,
eti vita yote ni shamba la miti.
Sura ya kwanza akashinda. Ya pili akashinda,
lakini hadithi ikaonyesha ameshindwa,
Konda kalala kifudifudi, anavuja damu,
na mimi nimeona kwa macho yangu
raundi mbili safi.
"Ndivyo ilivyoandikwa," akasema bila kugeuka.
"Wewe unashinda mkononi. Wao wanaendelea na yao."

Sura ya nne hadithi ikabadilisha mtu.
Haikuuliza.
Ikatupa yule tuliyekuwa tunamtwanga tangu asubuhi,
yule aliyeacha lango wazi usiku wa moto:
sasa wewe ndiye yeye, mtembeze,
mtafutie pumzi.

Vitalis akalisukuma sanduku hadi magotini pangu.
"Huyu cheza wewe."

Lilikuwa zito, lina joto la viganja vyake,
linanuka kiwandani.
Nikakosea robo duara. Nikakosea tena.
Nje mtu alikuwa anapakua mabati, kelele zake
zikaingia na kutoka.
"Unashika kama pedi," akasema. "Gumba weka nje."

Nikaliweka nje.
Likabaki hewani, halina kazi, linaona baridi,
na Konda, upande wa pili,
akaanza kuja.